Mtihani wa gredi wa Modern Theatre: mwongozo kamili kwa mwanafunzi na mzazi

Kila msimu wa mitihani ukifika maswali yanakuwa yaleyale. Mtoto anaijua dansi yake mwanzo mwisho, kaicheza sebuleni mpaka majirani wameizoea, halafu majibu yanarudi chini kabisa ya alichotegemea. Ukifuatilia unakuta mazoezi yote ya nyumbani yalikuwa ni ile dansi tu, wakati dansi ni kipande kimoja cha mtihani. Sehemu kubwa ya maksi inatoka kwenye mazoezi ya mbinu, muziki, kuruka, kusafiri ukumbini, na kwenye baadhi ya gredi ule mchanganyiko wa hatua ambao mtahini anautoa hapohapo mtoto hajawahi kuuona.

Nazungumzia mitihani ya Modern Theatre, yaani dansi ya jukwaani iliyo karibu na jazi, ya ISTD (Imperial Society of Teachers of Dancing), bodi ya London ambayo shule nyingi za dansi Uingereza zinaifuata. Inaanza Primary, inakwenda Gredi 1 mpaka 6, kisha ngazi za Intermediate na Advanced. Maksi ni kati ya 100: 80 kwenda juu ni Distinction, 60 mpaka 79 ni Merit, 40 mpaka 59 ni Pass. Kama shule yenu iko kwenye bodi nyingine mpangilio utakuwa tofauti kidogo, ila kazi ya mwili ni hiihii.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze mazoezi kabla ya kukusanya hivi:

- Orodha ya mazoezi yote ya gredi husika. Muombe mwalimu, atakupa kwa mpangilio wa silabasi.
- Muziki wenyewe wa mtihani au unaofanana nao kwa kasi. Mtoto akizoea wimbo wa haraka zaidi, siku ya mtihani atawahi mapigo.
- Spika ndogo. Ya simu haitoi besi na mapigo mengi yako kwenye besi.
- Nafasi tupu kama mita 2 kwa 2, sakafu isiyoteleza. Soksi kwenye mbao au vigae hapana, mtoto ataanguka. Na asizunguke kwenye kapeti nene, mguu unanasa chini wakati mwili unaendelea kugeuka na goti ndo linaumia.
- Kioo, kwa wiki za mwanzo tu.
- Daftari na kalamu za rangi tatu.
- Leotadi, taiti na viatu kama shule ilivyosema. Gredi zingine ni peku, zingine viatu vya jazi, kwahiyo uliza, usinunue kwa kukisia.
- Pini za nywele, jeli, na pini za kubania namba ya mtahiniwa kifuani.

Kama familia yenu mnavaa kwa stara, au mtoto ana ulemavu, au ana shida ya kusoma na kukumbuka maelekezo, mwambie mwalimu wakati anajaza fomu za kuandikisha. Bodi ina utaratibu wa kumrekebishia mtahiniwa mazingira, ila maombi yanapelekwa mapema na shule ndiyo inayopeleka, sio mzazi asubuhi ya mtihani mlangoni.

## Hatua ya 1: Jua unapimwa kwenye nini

Chukua ile orodha, ipitie na mtoto, kila zoezi lipewe rangi. Kijani: naweza kulifanya peke yangu bila kuangalia mtu. Njano: nalijua ila nasahau katikati. Nyekundu: silijui, au nalijua upande mmoja tu.

Hii inafanywa mwanzo kwa sababu mtoto akiachiwa achague mwenyewe atarudia anachokiweza, kila siku. Ni kawaida ya binadamu. Rangi zinamlazimisha aanze na nyekundu akiwa bado na nguvu, kijani anamalizia nacho.

Angalizo: mtoto asijipe rangi akiwa amekaa. Asimame alifanye zoezi kwanza, maana kichwani kila kitu kinaonekana kijani.

Umefanikiwa pale mtoto anapoweza kukutajia mazoezi kwa mfuatano bila daftari, na anajua yapi matatu yanamsumbua zaidi.

## Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kucheza

Weka muziki, mtoto akae chini, asicheze. Apige makofi kwenye pigo la kwanza tu la kila hesabu. Halafu ahesabu kwa sauti mpaka nane, arudie, arudie. Halafu akuambie muziki ni wa nne nne (4/4), wa tatu tatu (3/4), au wa sita nane (6/8).

Wengi wanaruka hatua hii manake haionekani kama mazoezi. Lakini mtoto asiyesikia pigo la kwanza anamfuata mwenzake wa mbele, na anayemfuata mwenzake siku zote yuko nyuma ya muziki kidogo. Mtahini anaona hilo dakika ya kwanza.

Nne nne ni rahisi, muziki mwingi wa redioni uko hivyo. Tatu tatu inawachanganya, wanataka kuongeza pigo la nne, kwahiyo mwambie aseme MOJA mbili tatu, MOJA mbili tatu, huku anakanyaga kwa nguvu kwenye MOJA. Kwenye sita nane watoto wa kwetu wana mtaji ambao wenzao hawana: chakacha inapigwa hivyo. Mtoto aliyekulia kwenye harusi za Mombasa au Tanga, au aliyezisikia kwenye simu ya bibi tu, tayari anao huo mtikisiko kwenye nyonga. Mchezeshe chakacha kidogo, ahesabu juu yake mpaka sita, kisha mrudishe kwenye muziki wa mtihani. Atashangaa mwenyewe.

Umefanikiwa pale unapoweza kuzima sauti katikati ya wimbo, ukaiwasha tena baada ya hesabu nane, ukamkuta yupo palepale muziki ulipo.

## Hatua ya 3: Msimamo, magoti na unyayo

Hapa ndo maksi za mbinu zinaanzia na hapa ndo majeraha yanazuilika, kwahiyo msiharakishe.

Pasha mwili moto kwanza, dakika kumi hivi: tembea, jogi pale pale, zungusha mabega, nyonga, vifundo vya miguu. Kunyoosha misuli kwa kushikilia ni baada ya mazoezi, mwili ukiwa moto. Msuli wa baridi ukiuvuta unaweza kuchanika.

Kisha simama mbele ya kioo. Dansi hii inatumia sana miguu sambamba, vidole vinatazama mbele, tofauti na baleti ambako miguu inafunguka nje karibu muda wote. Mtoto anayesoma vyote viwili anachanganya, unamkuta miguu yake ipo katikati, sio sambamba sio iliyofunguka. Kila zoezi ajue ni lipi kati ya hayo mawili, aliandike kwenye daftari.

Kwenye kukunja magoti (plie) angalia goti linaelekea wapi. Liende juu ya kidole cha pili cha mguu. Likianguka kwa ndani kuelekea dole gumba, rudini nyuma, akunje kidogo zaidi, asiende chini kabisa. Kisigino kisinyanyuke kama zoezi halijasema kinyanyuke.

Unyayo ukinyooshwa unyooke mpaka vidoleni, bila kifundo kupinda kwa ndani. Mkalishe, miguu mbele, anyooshe polepole: kifundo, mgongo wa mguu, vidole, na arudishe kwa mpangilio wa kinyume. Kila siku kidogo wakati anaangalia katuni inatosha.

Angalizo kubwa: mtoto aliye kwenye umri wa kurefuka akilalamika maumivu kwenye mfupa chini tu ya goti, au kwenye kisigino, na yanaongezeka akiruka, punguza kuruka na mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Hayo sio maumivu ya kuzoea. Na spliti (kufungua miguu mpaka chini) za kumkandamiza mtoto mabegani ashuke, jamani, acheni.

## Hatua ya 4: Kutenganisha viungo

Hiki ni kitambulisho cha dansi ya jazi na Modern: kichwa kiende peke yake, mabega peke yao, mbavu peke yao, nyonga peke yake. Kinachoharibu ni kiungo jirani kufuata. Mbavu zinakwenda kulia na mabega yanainama nazo.

Njia ya kulirekebisha nyumbani ni rahisi sana. Mtoto asimame mgongo ukigusa ukuta, mikono imefunguka pembeni kwa usawa wa mabega, viganja vinagusa ukuta. Asukume mbavu kulia, arudi kati, kushoto, arudi kati. Mkono mmoja ukipanda na mwingine ukishuka anausikia ukutani, huna haja ya kumwambia kitu. Polepole kabisa mwanzo, hesabu mbili kwa kila upande, ndipo aongeze kasi.

Kwenye kontraksheni, yaani ule mkunjo wa kiwiliwili, mwendo unaanzia tumboni: kitovu kinavutwa nyuma kuelekea uti wa mgongo, mgongo unafanya upinde. Wengi wanainamisha shingo na kukunja mabega halafu tumbo limekaa vilevile. Weka kiganja chako tumboni kwake, liondoke tumbo kwanza.

Umefanikiwa ukiona kiungo kimoja tu kinatembea na uso wake umetulia. Akiuma meno bado.

## Hatua ya 5: Mateke, mizunguko na kuruka

Teke: usiangalie mguu unaopanda, angalia unaobaki chini. Kama goti la chini limekunjika na mgongo umeinama, teke limekwenda juu kwa wizi na mtahini hatalipa maksi. Teke la kiunoni mgongo ukiwa wima lina maksi zaidi ya teke la usoni mwili umevunjika. Nawaambia wazazi hili kila mara kwa sababu video za mitandaoni zimewaaminisha kinyume.

Mzunguko (pirueti): kabla ya kuzunguka asimame kwenye mguu mmoja, mwingine umekunjwa ukigusa goti, ahesabu mpaka nane bila kuyumba. Akishindwa kusimama hataweza kuzunguka, hakuna njia ya mkato. Halafu achague kitu cha kukazia macho ukutani, kichwa kichelewe kuondoka na kiwahi kurudi. Robo mzunguko kwanza, nusu, ndipo mzima.

Kuruka: sikiliza. Ukigeuza mgongo ukamsikia anatua kwa kishindo, hajatua vizuri. Vidole, kisha sehemu ya mbele ya unyayo, kisha kisigino kinashuka, na magoti yanakunjika kupokea uzito. Miguu hewani inyooke hata kama kimo ni kidogo.

## Hatua ya 6: Upande wa kushoto

Nimeipa hatua yake makusudi, manake hapa watoto wanaangusha maksi nyingi na hakuna anayewaambia.

Nyumbani mtoto anaanza na mguu wa kulia. Darasani pia zoezi mara nyingi linaanza kulia, na muda ukiisha kushoto kunapitiwa haraka. Miezi inapita, mwili unajua kulia tu. Mtahini anasema "upande mwingine tafadhali", wanaanza kutazamana.

Kwahiyo kwa wiki nzima geuza utaratibu. Kila zoezi linaanza kushoto, na kushoto kunafanywa mara mbili kwa kila mara moja ya kulia. Mazoezi ya kusafiri kutoka pembe moja ya ukumbi kwenda nyingine yafanyeni nje kama nyumbani ni padogo, uwanja wa shule au bustani yenye lami kavu, lakini avae raba na aache kuruka kwa nguvu kwenye lami. Ajue pia mkono upi uko mbele akitoka pembe ya kushoto. Mikono inasahaulika kabla ya miguu.

Umefanikiwa pale ukimwambia "anza" bila kutaja upande, na yeye anakuuliza upande gani kwa sababu kwake yote ni sawa.

## Hatua ya 7: Mchanganyiko usiouona kabla

Kama gredi yako ina sehemu hii, hiki ndicho kinachowatoa jasho. Mtahini anaonyesha au anaeleza hatua kadhaa zilizounganishwa, watoto wanajaribu kidogo, kisha wanacheza na muziki. Mtoto anayesema "siwezi kujiandaa kwa kitu ambacho sikijui" ameshaambiwa vibaya. Unajiandaa kwa kujifunza namna ya kushika.

Namna yenyewe ni hii. Mara ya kwanza mtahini anapoonyesha, mtoto aangalie miguu na mwelekeo tu, mikono aiache. Mara ya pili ndo aangalie mikono na kichwa. Wakati wote midomo inataja hatua chinichini kwa maneno yake mwenyewe, mafupi. Mfano, umepewa hesabu nane hizi:

1–2 hatua kubwa ya kulia kwenda pembeni
3–4 mguu wa kushoto unavutwa kuungana
5 teke la mbele la kulia
6 unashusha
7–8 unazunguka mzima na kufunga

Mtoto anasema moyoni "pembeni, vuta, teke, chini, zunguka". Maneno matano. Ukimpa hesabu nane za pili anakuwa na maneno kama kumi, bado kichwa kinabeba. Anayejaribu kukumbuka picha nzima bila maneno inamtoka muziki ukianza.

Zoezi la nyumbani: kila siku mtu mwingine atunge hesabu nne. Mtu yeyote, hata baba ambaye hajawahi kucheza, hata mdogo wake. Ionyeshwe mara mbili tu, mtoto aijaribu mara moja bila muziki, kisha acheze na muziki, kisha upande wa kushoto. Wiki inayofuata hesabu nane, halafu kumi na sita. Mtunzi abadilike kila siku, maana mtoto akizoea miondoko ya mama tu atashindwa kusoma mwili wa mgeni.

Akisahau katikati asisimame. Hii irudieni mpaka iwe tabia: mwili uendelee kutembea kwenye mapigo, adake tena kwenye MOJA inayofuata. Anayesimama na kumtazama jirani amepoteza mbinu, muziki na uwasilishaji kwa pamoja, wakati aliyekosea hatua moja akaendelea kapoteza kitu kidogo sana. Na macho yabaki juu. Macho yakikimbilia kwa mwenzake yanaonekana wazi kutoka kwenye meza ya mtahini.

Kama gredi yako ina sehemu ya kucheza kwa hiari yako na muziki uliochaguliwa, ajiwekee vitu vitatu vya kushika: mahali pamoja pa kushuka chini, njia moja ya kusafiri ukumbini, na sehemu moja ya kutulia kabisa. Kutulia kunawaogopesha watoto ila ndiko kunakoonyesha kwamba wanasikiliza.

## Hatua ya 8: Dansi yenyewe

Mtoto wako anaijua tayari, kwahiyo fupi tu. Mwulize dansi inahusu nini. Akijibu "ni hatua" kaeni mzungumze, ni ya furaha, ya ujeuri, ya kunyemelea? Uso ufuate hiyo, sio tabasamu lilelile mwanzo mwisho. Kisha aicheze akiangalia ukuta usio na kioo, maana mtahini hatakuwa kioo.

## Hatua ya 9: Mtihani wa majaribio

Wiki mbili kabla, fanyeni mtihani mzima nyumbani au darasani. Meza moja, mtu mmoja amekaa anaandika, hacheki wala hasaidii. Kwenye mtihani wa kweli mwalimu anabaki nje, wanaingia watoto kikundi kidogo, mtahini, na mtu wa muziki. Kama mtoto alizoea mwalimu amnong'oneze "mikono!", siku hiyo hakuna wa kunong'ona.

Aingie, asimame kwa mpangilio wa namba, asalimie, amalize zoezi na kubaki ametulia mpaka aambiwe. Ule mwisho wa zoezi, sekunde chache za kutokujikuna wala kuvuta taiti, unahesabika.

Ajifunze pia kuuliza. "Naomba uonyeshe tena tafadhali" inaruhusiwa na ni heshima. Watoto wetu wengi wamelelewa kutomuuliza mkubwa maswali, kwahiyo mwambie wazi kwamba hapa hakosi adabu.

## Hatua ya 10: Siku tatu za mwisho na siku yenyewe

Nywele zishughulikiwe siku tatu kabla, sio usiku wa kuamkia. Shingo na uso vionekane. Rasta ndefu zikusanywe nyuma zifungwe kifundo kilichokaza na kubanwa kwa pini. Shanga za kwenye misuko zitoeni zote, zinagongana mtoto akiruka, zinampiga usoni, na yeye mwenyewe zinamtoa kwenye muziki. Msusi asikaze mno pembeni, mtoto akiwa na kichwa kinachouma hachezi.

Siku ya mwisho msifundishane kitu kipya. Apitie mazoezi kwa kutembea tu, mara moja, alale mapema.

Siku yenyewe ale chakula cha kawaida masaa mawili au matatu kabla, ndizi mbivu kama njaa ikirudi, maji kidogokidogo. Fikeni mapema apate muda wa kupasha mwili, na abaki na sweta na soksi nene mpaka anapoitwa, kumbi za kanisa na za shule Uingereza zina baridi na mwili unapoa haraka. Mzazi, ukifika mlangoni usianze kumkumbusha mikono na magoti. Mbanie namba, msalimie, ukae.

## Majibu yakirudi

Majibu yanapitia shule na huchukua wiki kadhaa. Usiishie kwenye neno Merit au Pass, tazama karatasi ya maksi, zimegawanywa kwa sehemu. Mbinu ikiwa chini rudini hatua ya 3 na ya 5. Muziki ukiwa chini ni hatua ya 2, na mchanganyiko ukiwa chini ni ya 7. Kaeni na mwalimu na karatasi hiyo mkononi kabla hajamuandikisha gredi inayofuata, na kama anasema mtoto abaki muhula mmoja zaidi kwenye gredi hiyohiyo, muulize ni sehemu ipi anataka aijenge, akutajie, uandike kwenye daftari kwa rangi nyekundu.